Almasi Haichakai, Huchafuka Tu

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya siku ambayo pete iliyokuwa ikimetameta inageuka kuwa kama kipande cha chupa kilichookotwa jaani. Hilo walituachia tulitafute wenyewe. Nimeamua kulizungumzia suala hili leo, ingawa huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, kwa sababu limewahi kuutikisa ukoo wetu, na kwa sababu ndani yake mna somo ambalo sisi walimu tumekuwa tukilifundisha ubaoni bila kulivusha mlango wa darasa.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu aishiye Voi, ana pete moja ya almasi. Alivishwa na marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa reli wakati nchi zetu tatu zilipokuwa na shirika moja la reli, kabla ya Jumuiya ya awali ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977. Marehemu alihamishiwa Tabora kwa muda, na alikorudi alirudi na pete iliyotiwa kijiwe kisichozidi punje ya mtama. Shangazi hakuivua. Aliandika nayo ubaoni, akafua nayo, akakanda nayo unga, akawapaka nayo watoto mafuta. Baada ya miongo kadhaa, kijiwe kile kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Miaka michache iliyopita, mjukuu wake aliitwa shule ya upili na karo ikawa haijatimia. Shangazi aliifunga pete katika kitambaa, akapanda matatu hadi mjini na kuingia katika duka moja la sonara. Muuzaji aliitazama kwa nukta chache, akacheka kidogo, akasema kwamba jiwe hilo lilikuwa limekufa, kwamba yamkini lilikuwa kioo tangu hapo, na kwamba angemlipa thamani ya dhahabu peke yake, tena kwa kumhurumia. Bahati njema ni kuwa Shangazi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kupewa jibu pasipo kuonyeshwa njia. Aliirudisha pete mkobani, akaja kwangu.

Nilimwamkia na kumwuliza habari za safari. Hakunijibu habari za safari. "Mwanangu," aliniuliza, "je, marehemu alidanganywa, au alinidanganya?"

Swali hilo, mpenzi msomaji, halikuwa tena la karo.

Tuanze na madai kwamba almasi hufa. Almasi ni kaboni tupu, ndugu yake makaa tunayowashia jiko na ile risasi nyeusi iliyo ndani ya penseli. Mfaransa Antoine Lavoisier aliichoma almasi katika miaka ya 1770 na kuona kwamba hutoa hewa ile ile itolewayo na makaa yanapoungua. Mnamo mwaka wa 1797, Mwingereza Smithson Tennant akathibitisha kwamba almasi si kitu kingine ila kaboni. Tofauti yake na makaa imo katika jinsi chembe zake zilivyoshikamana, kila moja ikiwa imeshikwa na nyingine nne pande zote. Kwa sababu hiyo, katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs, almasi hupewa 10, ilhali chembe za kawaida za mchanga hupewa 7 tu. Jiwe la namna hiyo halikwaruzwi na chaki wala na unga wa ngano. Basi mng'aro wake ulikuwa umekwenda wapi?

Aliyelijibu swali hilo hakuwa mimi. Alikuwa binti yangu, wakati huo akiwa Kidato cha Tatu, ambaye alikuwa ametoka kujifunza habari za kupinda kwa nuru. Alituchorea kwenye kipande cha karatasi. Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde hewani, lakini ikiingia ndani ya almasi mwendo wake hupungua hadi kiasi cha kilomita 124,000. Kupungua huko huifanya ipinde sana. Isitoshe, ikiwa ndani ya jiwe na ikaujia ukuta wake kwa mshazari unaozidi digri 24 na ushei, haiwezi kutoka, bali hurudishwa ndani kana kwamba imegonga kioo cha kujitazamia. Kwa kioo cha kawaida cha dirisha, kikomo hicho ni karibu digri 42. Ndiyo maana fundi huikata almasi kwa vipimo maalumu, ili nuru iingiayo kwa juu igonge kuta za chini, irudi juu, na kutoka kwenye jicho la mtazamaji ikiwa imetawanyika katika rangi zake.

"Lakini, Nyanya," binti yangu alimwambia, "hesabu hiyo ni ya jiwe linalopakana na hewa. Likipakana na mafuta, mambo hubadilika."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mafuta yakigandamana chini ya jiwe, kile kikomo cha digri 24 hupanda hadi kiasi cha digri 37. Nuru nyingi ambayo ingerudi juu hupenya kwa chini na kupotelea kwenye uchafu. Jiwe lenyewe halijapungukiwa na chochote. Ni kama mwalimu hodari aliyezibwa mdomo.

Na almasi ina tabia moja ya ajabu: hushikana na mafuta kuliko inavyoshikana na maji. Wachimbaji wa Kimberley, Afrika Kusini, waliitambua tabia hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Walipitisha changarawe na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe ya kawaida yalisombwa na maji, almasi zikabaki zimenata. Basi mafuta ya kujipaka, samli na sabuni ya mche vinavyopita vidoleni mwetu kila siku hufanya juu ya pete vile vile ilivyofanya grisi ya Kimberley. Pete ya Shangazi ilikuwa imekusanya ushahidi wa maisha yake yote ya jikoni.

Dawa yake ni nyepesi. Tulichukua bakuli la maji vuguvugu, tukatia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni hufaa kwa kuwa upande mmoja wa chembe yake hushika mafuta na wa pili hushika maji, na hivyo huyang'oa mafuta pale yalipong'ang'ania. Pete ikalowekwa kwa nusu saa. Kisha binti yangu akaisugua taratibu kwa mswaki mpya laini wa mtoto mchanga, si juu tu ambako kila mtu hutazama, bali hasa chini, katika kijitundu kilicho nyuma ya jiwe. Maji yakageuka kijivu. Akaisuuza katika bakuli la pili, wala si kwenye sinki lililo wazi, maana ni pete nyingi zilizokwenda na maji machafu kwa kukosa tahadhari hiyo. Akaikausha kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, bila kuligusa jiwe kwa kidole, kwani kidole nacho kina mafuta yake.

Alipoipeleka dirishani, kijiwe kilitoa cheche nyekundu, kisha ya buluu. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu.

Yapo mambo ambayo hatukuyafanya, na ningependa wasomaji wayazingatie. Hatukutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Klorini haiidhuru almasi, lakini huzishambulia madini zilizochanganywa na dhahabu. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu katika kila 24. Zilizosalia ni shaba, fedha na nyinginezo, na hizo zikiliwa, vikucha vinavyolishika jiwe hupasuka. Hatukutumia majivu, mchanga wala dawa ya meno, kwa kuwa dhahabu ni laini, ugumu wake haufiki hata 3 katika kipimo cha Mohs, na husagika upesi. Hatukuipitisha motoni, maana almasi iliyotokana na kaboni huweza kuungua na kufunikwa na ukungu. Tena, yafaayo kwa almasi hayafai kwa kila kito. Lulu huharibiwa na siki na ndimu, kwa vile imeumbwa kwa chokaa. Nayo tanzanaiti, iliyogunduliwa Merelani mwaka wa 1967, ni laini kuliko almasi na haivumilii joto la ghafla.

Uchafu ulipotoka, tuliona jambo ambalo ulikuwa umelificha: kikucha kimoja kati ya vinne kilikuwa kimelika, na jiwe lilitikisika lilipoguswa kwa sindano. Yamkini mafuta yale yale yaliyoliaibisha ndiyo yaliyokuwa yakilizuia lisianguke. Kwa hiyo yeyote aoshaye pete ya kale na aikague kabla ya kuivaa tena.

Hata hivyo, kumetameta peke yake hakuthibitishi kuwa jiwe ni almasi, kwani kioo kilichokatwa vizuri nacho humetameta kikioshwa. Tuliipeleka pete kwa sonara mwingine, aliye na kifaa kidogo cha kupimia jinsi jiwe linavyopitisha joto. Almasi hupitisha joto mara kadhaa kuliko hata shaba, ilhali kioo hulipitisha kwa shida. Kifaa kililia. Sonara akakiimarisha kile kikucha, na alipoombwa bei alitaja kiasi kilichozidi maradufu cha yule wa kwanza, huku akitueleza kwa uungwana kwamba almasi ndogo ikiuzwa upya hairudishi bei iliyonunuliwa.

Shangazi alimshukuru, akaivaa pete yake. "Nikiiuza," alisema, "nitaiuza nikiijua." Karo ililipwa kwa awamu, na ndugu tukachanga. Pete ingali kidoleni mwake.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Msemo usemao kwamba kizuri chajiuza una ukweli wake, lakini kilichofunikwa hakiwezi kujiuza. Hununuliwa kwa bei ya takataka na yule ajuaye kilichomo. Mtu kama yule muuzaji hahitaji bunduki. Hutosheka na ujinga wetu. Je, ni wanafunzi wangapi waliokariri kanuni ya kupinda kwa nuru wakapata alama zote, kisha wasiweze kumweleza nyanya yao kwa nini pete yake imefifia? Tunawafundisha kwamba sabuni ina chembe yenye ncha mbili, lakini hatuwapi beseni. Tunawaandikia kuwa almasi na makaa ni ndugu, lakini hatuwaulizi ni nani anayefaidika jirani asipojua hilo.

Sisemi kwamba kila shule inunue almasi. Kipande cha kioo, tone la mafuta ya kupikia, tochi na bakuli la maji ya sabuni vinatosha kwa kipindi kizima. Mwanafunzi akiona kwa macho yake nuru ikipotea mafuta yanapopakwa, na ikirejea yanapooshwa, hatasahau.

Wazee walituonya kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza, kwa idhini yao, kwamba si vyote vilivyofifia vilivyo bandia. Kabla hatujakitupa wala kukiuza, na tukioshe kwanza.