Kenge wa Bahari Iliyotoweka: Watambaazi wa Kale wa Saudia kwenye Meza ya Mchezo

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akibeba mhusika wake: nahodha, mganga, askari, mwizi. Mmoja wao ndiye mwendesha mchezo. Huyu ndiye anayesimulia dunia yote iliyobaki, na ndiye anayejua kilichojificha chini ya maji. Jambo la hatari likitokea, dadu hurushwa na namba huamua. Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Kitabu chake cha mazimwi cha mwaka 1977, Monster Manual, kilikuwa tayari na wanyama walioishi kweli katika bahari za kale: Elasmosaurus, Plesiosaurus, Mosasaurus, na Archelon, kasa mkubwa kuliko kasa yeyote wa leo.

Kitabu kile kiliwaorodhesha wote chini ya dinosauri, na kosa hilo limeendelea kurudiwa. Watambaazi hao wa baharini hawakuwa dinosauri. Walitoka katika koo tofauti ambazo kila moja iliacha nchi kavu na kurudi majini kwa wakati wake. Plesiosauri walikuwa na mapezi manne kama makasia. Iktiosauri walichukua umbo linalokaribia la pomboo. Mosasauri, waliotokea mwisho kabisa, ni ndugu wa kenge na nyoka. Mtu aliyewahi kumtazama kenge akimeza yai ana mahali pazuri pa kuanzia anapotaka kumfikiria mosasauri.

Saudi Arabia leo ni nchi ya jangwa, lakini ni hazina ya wanyama hawa. Magharibi ya Riyadh unapita ukingo wa Tuwaiq, ukuta wa mawe ya chokaa wenye urefu wa karibu kilomita 800. Mawe hayo yalijengeka chini ya bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ndani yake mna visukuku vya matumbawe na makombe. Ukizidi kwenda magharibi unakuta matabaka ya zamani zaidi, yanayoitwa Jilh, ya kipindi cha Triasiki. Humo wataalamu wametoa mifupa ya notosauri, watambaazi wenye meno marefu membamba yanayopishana kama vidole vilivyofumbwa, na ya plakodonti, waliokuwa na meno bapa ya kusagia chaza na kome.

Upande wa pili wa nchi, kaskazini-magharibi karibu na pwani ya Bahari ya Shamu, kuna matabaka ya Adaffa, yenye umri wa karibu miaka milioni 72. Humo mmepatikana mosasauri, plesiosauri wenye shingo ndefu na kasa. Humo pia zilipatikana pingili za mkia za titanosauri, mla majani mkubwa, na meno ya abelisauri, mla nyama. Mwishoni mwa mwaka 2013 mabaki hayo yalitangazwa kuwa dinosauri wa kwanza kutambuliwa rasmi nchini humo. Kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Jiolojia ya Saudia, yenye makao makuu Jeddah, pamoja na wataalamu kutoka Sweden na Australia.

Mwendesha mchezo wa Jeddah anayetaka kuweka kisa chake ufukweni mwa mji wake anapaswa kujua jambo moja: mosasauri hawa hawakuogelea katika Bahari ya Shamu. Bahari hiyo haikuwapo. Bara la Arabuni lilianza kutengana na Afrika karibu miaka milioni 30 iliyopita, ilhali mosasauri wote walikwisha kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Maji waliyoogelea yalikuwa ya Tethys, bahari kuu iliyotanda kaskazini mwa Afrika na Arabuni zikiwa bado zimeshikana. Ukweli huo unampa mtunzi njia mbili. Anaweza kuirudisha Tethys, akachora ramani ambayo Riyadh ni kilindi na wahusika wanapita juu yake kwa jahazi. Au anaweza kumleta mnyama katika Bahari ya Shamu ya leo, mradi awe na sababu inayoeleza alikotoka.

Baada ya mahali huja mwili, kisha namba. Kwa hili mfano mzuri ni Plesiosaurus wa toleo la 5 la Dungeons & Dragons. Kinga yake ni 13, yaani anayemshambulia lazima afikishe namba hiyo kwenye dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza zake. Uhai wake ni 68. Huogelea futi 40, karibu mita 12, kwa raundi moja ya sekunde sita, lakini nchi kavu huenda futi 20 tu. Huuma kutoka umbali wa futi 10 kwa sababu ya shingo yake, na jeraha ni dadu tatu za pande sita kuongeza 4. Anaweza kuzuia pumzi kwa saa moja.

Kila namba hapo inatokana na mfupa au na pumzi. Saa moja inamkumbusha mchezaji kwamba mnyama huyu alivuta hewa kama nyangumi. Futi 10 ni shingo iliyogeuzwa kuwa kanuni. Mahali pa kurekebisha ni mwendo wa nchi kavu. Plesiosauri alikuwa na makasia, na kuna kisukuku cha mama aliyekufa na mtoto tumboni, kinachoonyesha kwamba alizaa majini bila kuhitaji kupanda ufukweni kama kasa. Futi 5 zingemfaa zaidi. Vivyo hivyo picha ya shingo inayoinuka juu ya maji na kujipinda kama ya bata maji haikubaliani na viungo vya pingili zake. Shingo hiyo ilipenya kundi la samaki kwa mlalo, huku kiwiliwili kikubwa kikibaki nyuma gizani. Kwa wachezaji hilo linatisha zaidi: kichwa kidogo kinatokea pembeni mwa mtumbwi, na hakuna anayeona kilichokibeba.

Mosasauri anadai kanuni yake mwenyewe. Mbali na meno ya taya, alikuwa na safu mbili za meno kwenye paa la kinywa, yaliyoelekea nyuma kama ndoano. Aliyekamatwa hakuwa na njia ya kurudi. Kila alipojitikisa alizidi kusogezwa kooni. Kanuni inaweza kuandikwa hivi: anayeumwa amenaswa, na kila zamu anayoshindwa kujinasua, namba anayotakiwa kuifikia huongezeka kwa 2. Akishindwa mara tatu amemezwa. Jamaa wa mosasauri wa Saudia, Prognathodon, alipatikana Jordan akiwa na alama za nyama ya mkia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha pezi lenye ncha mbili kama la papa. Kwa hiyo haogelei kwa kujinyonganyonga kama nyoka. Hufyatuka. Mbio za ghafla za raundi moja, kisha raundi moja ya kupumzika, zinamfaa kuliko mwendo mkubwa wa kudumu.

Si lazima kila mnyama awe wa kupigana. Baadhi ya plakodonti walikuwa na magamba mazito ya mifupa mgongoni, hivyo kinga yao iwe kubwa, 17 au 18, na ukali wao uwe mdogo. Wanatafuta chaza, si watu. Wahusika wanaotaka lulu iliyo katikati ya malisho yao watalazimika kutumia akili kabla ya upanga. Notosauri naye alikuwa na miguu iliyoanza tu kuwa makasia. Ni wa maji ya magotini, wa kuvizia penye mwani.

Mwisho ni kisa cha kumbebea mnyama, na matabaka ya Adaffa yanatoa kimoja kikiwa tayari. Mifupa ya titanosauri haikuwa ya baharini, lakini ilizikwa katika mashapo ya pwani pamoja na wanyama wa majini. Mzoga uliochukuliwa na mto hadi baharini unaeleza hali hiyo. Mzoga huo unaoelea, wenye ukubwa wa jahazi, ni uwanja kamili wa mchezo: wahusika wamesimama juu yake, mosasauri wanauzunguka, na kila raundi kipande kinang'olewa. Kwa masimulizi yanayoufaa, maktaba ya Kiarabu haina upungufu. Al-Qazwini, mwandishi wa karne ya 13, aliweka katika kitabu chake cha maajabu ya viumbe kasa mkubwa ambaye mabaharia walimdhania kisiwa. Mwendesha mchezo wa Riyadh, dele la kahawa likiwa limezungushwa na dadu zikiwa juu ya zulia, anaweza kuyaunganisha yote mawili: jina na hofu kutoka kwa mabaharia, mwili na mwendo kutoka kwa mfupa. Na mchezo ukimalizika, inafaa awaeleze wenzake kipi kilichimbwa ardhini na kipi alikitunga mwenyewe.