Kabla ya Dawa, Tazama Mdomo wa Kisima

Nikiitwa kusafisha kisima huku Kisauni, mara nyingi namkuta mwenye nyumba keshanunua klorini. Namwambia aiweke kando kwanza. Nazunguka, natazama mdomo wa kisima, kisha nauliza choo kiko wapi: cha kwake na cha jirani.

Mombasa tunachimba kwenye mwamba wa matumbawe. Una nyufa na matundu, na maji ya karo hupenya humo upesi bila kuchujwa na udongo. Inashauriwa choo kikae mita 30 kutoka kisimani, na kwenye mwamba kama huu hata hizo mimi naziona chache. Lakini kiwanja cha futi 40 kwa 80 hakifikishi mita 30 hata ukipima pembe kwa pembe! Aliyebanwa hivyo ajenge tangi la choo lisilovuja, gari lije kunyonya. Ni gharama, najua. Ila klorini unayotia leo haizuii karo la kesho.

Mdomo ndio watu wanaoudharau. Ukingo uinuke kama nusu mita, sakafu ya saruji izunguke kisima na kuinamia nje, mfuniko ufunike kweli. Juzi nilikuta kazi nzuri, vigae vinang'aa, lakini pale bomba la pampu linapoingia pana tundu la kupita mjusi, na mavi yake yametapakaa kandokando.

"Lakini fundi, maji yenyewe si meupe pe?" akaniuliza mwenye nyumba.

"Meupe, mama. Vijidudu havina rangi."

Tukaziba kwanza, ndipo tukaja kwenye dawa. Dawa hupimwa kwa maji yaliyomo. Kisima cha upana wa mita 1.2, maji yakiwa kina cha mita 3, kina lita 3,400 hivi. Unga wa klorini wa asilimia 70 hapo unatosha gramu 250. Vaa glavu, ukoroge kwenye ndoo ya maji, uache utuame, umwage yale ya juu ukizungusha kwenye kuta. Fungua kila bomba la nyumba mpaka harufu itoke, kisha funga, usiku upite. Kesho yake vuta maji mpaka harufu iishe, na usiyaelekeze karoni.

Kushuka ndani ni kazi ya fundi mwenye wenzake juu. Jenereta isiteremshwe kisimani kamwe: moshi wake unaua, na mshumaa unaoendelea kuwaka si ushahidi kwamba hewa ni salama.

Chumvi ni jambo jingine, klorini haiigusi. Ukivuta kwa pampu kubwa maji ya bahari yanapanda. Bora pampu ndogo, kidogo kidogo. Naitreti za karo nazo haziondoki kwa kuchemsha, zinazidi kukolea, na zikipita miligramu 50 kwa lita maji hayo asikorogewe mtoto maziwa ya chupa.

Hayo yote macho hayaoni, maabara inaona. Pima baada ya masika, klorini ikiwa imekwisha kabisa majini. Chukua chupa yao, si ya soda, iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Bakteria wa kinyesi wasionekane hata mmoja katika mililita 100. Na usipeleke Ijumaa jioni. Itakaa hapo hadi Jumatatu.