Kuku Anayehara: Tambua Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, manyunyu na ukungu hulowesha mabanda ya kuku Nyeri mjini, Othaya, Karatina na Mukurwe-ini. Maranda yakilowa, mharo wa damu huenea haraka, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6.

Kagua kinyesi kila asubuhi.

Kinyesi chenye damu, kifaranga akijikunyata na kushusha mabawa, ni dalili ya mharo wa damu. Vimelea vyake hutoka na kinyesi, na dawa nyingi za kusafishia banda haziviui. Kinga kubwa ni ukavu. Ugonjwa huu una tiba ukiwahiwa.

Kinyesi cha kijani, kuku akipumua kwa shida au kupinda shingo, huenda ni kideri. Ugonjwa huo hauna tiba. Kinga ni chanjo. Usiuze kuku hao. Watenge, zika mizoga kwenye shimo refu na umwite afisa wa mifugo wa wadi.

Nyumbani, zingatia haya:

- Ondoa maranda yaliyolowa siku hiyo hiyo.
- Inua vyombo vya maji hadi kimo cha mgongo wa kuku.
- Usizibe madirisha yote kwa magunia. Unyevu na harufu kali hubaki ndani.
- Tenga vifaranga na kuku wakubwa.
- Ukitumia dawa, usile wala kuuza mayai hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.
- Nawa mikono kwa sabuni, watoto pia.