Bati Mbili Si Jambo Dogo

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikateremka hadi Munigi na Buhene, mlangoni mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Zaidi ya watu 30 walikufa, maelfu ya nyumba ziliteketea na barabara ya kwenda Rutshuru ikakatika. Familia inayojenga upya juu ya lava ile iliyoganda haina siku moja kubwa ya kungojea: leo zinapatikana mbao za ukuta, mwezi ujao bati mbili, mlango baadaye sana. Je, ikishangilia bati hizo mbili inajiliwaza tu, au inajiongezea nguvu ya kufikia mlango? Ushahidi unanielekeza kwenye jibu la pili, ilimradi hatua inayoshangiliwa iwe ya kweli na ionekane kwa macho.

Teresa Amabile na Steven Kramer, watafiti wa Marekani, walikusanya kumbukumbu za kila siku karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7. Katika kitabu chao cha mwaka 2011 walionyesha kwamba kilichoambatana zaidi na siku njema kazini ni kusonga mbele katika kazi yenye maana, hata kwa hatua ndogo. Waliona pia kwamba kurudi nyuma huumiza kuliko kusonga mbele kunavyofurahisha. Kwa hiyo hatua njema isiyosemwa humezwa upesi na pigo linalofuata, na mapigo Munigi hayakosekani.

Mtu atasema hao walikuwa watu wa ofisini, wenye mshahara. Ni kweli, na takwimu zao hazihamishiki hadi Munigi zilivyo. Lakini tazama kazi ya kuponda mawe ya lava kuwa kokoto. Mama anakaa chini, nyundo mkononi, na kila saa chungu kinapanda mbele yake. Malipo ni madogo, ila kazi yenyewe inamwonyesha alipofika. Kazi za nyumbani hazina chungu. Bidoni iliyojazwa asubuhi jioni ni tupu, mtoto aliyeshiba ataona njaa tena. Hapo ndipo jicho la mwenzake linapohitajika. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wapenzi ambao habari zao njema hupokelewa na wenzao kwa shauku huridhika zaidi na uhusiano wao. "Aksanti mama, leo maji yametosha hata kufua" ni maneno machache, lakini yanaifanya kazi ya siku nzima ionekane.

Wengine wanahofia kwamba sifa huleta uvivu. Hofu hiyo ina msingi: Ayelet Fishbach na Ravi Dhar waligundua mwaka 2005 kwamba watu waliooneshwa jinsi walivyosonga mbele kupunguza uzito walielekea zaidi kuchagua chokoleti badala ya tofaa. Tafiti zilizofuata za Fishbach zilieleza sababu. Anayeichukulia hatua kuwa ushahidi kwamba ametosheka hulegea. Anayeichukulia kuwa ushahidi kwamba jambo hilo analitaka kwa dhati huendelea. Ndiyo maana fedha za likelemba, yaani mchango wa zamu, zikinunua bati, inafaa watoto waambiwe papo hapo bati ngapi zimebaki.

Pingamizi zito kuliko yote ni la haki: kushangilia kidogo kusije kukafunika dhuluma. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Goma, na benki zikafungwa. Hakuna pongezi ya nyumbani inayofungua benki au kuleta amani, na kiongozi anayewataka wananchi washukuru kwa kidogo anawakosea. Lakini kuhesabu hatua si kuridhika nazo. Karl Weick aliandika mwaka 1984 kwamba ushindi mdogo huvuta washirika na kupunguza upinzani dhidi ya hatua inayofuata. Nami naongeza: familia iliyoandika kila bati na kila ada ya shule inajua kwa hesabu kamili ilichojenga, na siku ya kudai fidia haitadai kwa kukisia. Basi tafuteni daftari moja la nyumbani. Kila Jumamosi jioni kila mmoja, hata mtoto mdogo, aseme hatua moja ya wiki, iandikwe na tarehe yake.