Malaria Haichagui Kabila

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Bukoba hupitia Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali barabara kuu zinapokutana. Mtoto azaliwaye hapo na mwenzake azaliwaye Unguja au Pemba ni raia wa taifa moja. Lakini mbele ya malaria bahati zao hazilingani.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mkoani Kagera watoto wapatao 15 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria. Zanzibar hakufika hata mmoja katika 100.

Wako wasemao kwamba siri imo katika damu, au katika uzembe wa wenyeji. Ni kweli kwamba mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja hupunguziwa makali ya malaria. Lakini damu haielezi hesabu za Kagera yenyewe: watoto 41 katika 100 mwaka 2007-08, wakashuka hadi 8 mwaka 2011-12, wakapanda tena hadi 41 mwaka 2015-16. Damu ya watu haigeuki kwa miaka minne. Vinavyogeuka ni mvua, majira ya kupima, vyandarua, na dawa inyunyizwayo kutani. Basi anayelinganisha makundi ya watu na aulize kwanza: walipimwa lini, wana umri gani, na zahanati iko umbali gani?

Ndugu zetu wa Visiwani nao wasibweteke. Kampeni ya kwanza ya kuifuta malaria huko ilikoma mwaka 1968, na ugonjwa ukarejea. Ushindi wa sasa umeletwa na dawa mseto, vyandarua na unyunyizaji, wala si na bahari. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogunduliwa Visiwani walikuwa wamesafiri Bara. Na huko Kagera vimekwisha kuonekana vimelea vyenye mabadiliko yanayoweza kudhoofisha dawa hiyo mseto tunayoitegemea sote.

Kwa hiyo viongozi wanaopanga bajeti wakumbuke kwamba mgao sawa si lazima uwe haki sawa. Penye mbu wengi na zahanati chache pastahili zaidi. Na pale ugonjwa ulipopungua, ulinzi usiondolewe. Chandarua kitundikwacho Nyakanazi humlinda pia mtoto wa Pemba. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.