Ukikata Shamba, Acha Njia

Wakulima wengi walio karibu na miji wanakata mashamba yao kuwa viwanja. Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipomalizika mwaka 2012, mashamba mengi ya upande wa Ruiru na Juja yamegeuka nyumba. Kahawa imeng'olewa, na mawe yamepandwa mahali pake.

Si kosa mtu kuuza ardhi yake. Lakini wengi hulalamika wanapoambiwa walipe ada za kaunti na tena waache ardhi ya barabara bila malipo. Husema, "Kwa nini nitoe udongo wangu bure?" Tufanye hesabu pamoja.

HESABU YA EKARI MOJA

Ekari moja ni futi mraba 43,560. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Ukikata viwanja 8 vya kadiri hiyo, umetumia 40,000. Zimebaki 3,560 tu. Ikiwa ekari yako ni ya mraba, njia ya kupita katikati itakuwa na upana wa futi 17 hivi.

Njia ya futi 17 yatosha mkokoteni na gari dogo. Je, nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litapita wapi? Choo kikijaa, lori la kunyonya maji machafu litageuka wapi? Bomba la maji, mfereji wa mvua na nguzo za umeme vitawekwa wapi? Baada ya miaka michache wanunuzi watagombana, na kuta zitabomolewa ili kupanua njia. Ukuta ni ghali kuliko udongo.

Sasa acha njia ya futi 30, yaani mita 9. Viwanja vitabaki 8 vile vile, ila kila kimoja kitakuwa cha futi 52 kwa 89 hivi. Hukupoteza hata kiwanja kimoja. Umepunguza kidogo urefu wa kila kimoja, na mnunuzi mwenye akili atalipa zaidi kwa kiwanja ambacho lori la mchanga laweza kufika.

ADA NI ZA NINI?

Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara za kaunti, taa za njiani, mifereji ya mvua, maji na upangaji wa miji ni kazi ya serikali za kaunti. Katiba hiyo hiyo imezipa uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na ada za huduma. Nyumba 8 zikisimama palipokuwa na nyumba moja, maji machafu huzidi na magari huzidi. Yafaa anayepata faida ya viwanja asaidie kubeba mzigo huo.

Nawe una haki yako. Ukilipa, dai risiti. Na kaunti inapowaita wananchi kusema juu ya bajeti, nenda ukaulize mfereji wenu utachimbwa lini. Asiyeuliza husahauliwa.

KODI NI YA UDONGO, SI YA NYUMBA

Liko jambo moja la kumpa moyo mjenzi. Tangu miaka ya 1920, Nairobi imetoza kodi kwa thamani ya ardhi tupu, si ya jengo. Kuanzia Januari 2023 kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 0.115 ya thamani hiyo. Kiwanja cha thamani ya shilingi 10,000,000 kilitozwa shilingi 11,500 kwa mwaka, kikiwa na nyumba nzuri au kikiwa na nyasi. Basi aliyejenga hakuadhibiwa kwa bidii yake, na aliyeacha kiwanja kilale alilipa sawa naye bila kupata kodi ya wapangaji.

Mara kadhaa kaunti hiyo imesamehe riba na faini za wenye madeni ili walipe kodi yenyewe. Usikae ukingojea msamaha. Deni hukua usiku na mchana.

KABLA YA KUKATA

Kwanza, nenda Bodi ya Ardhi upate idhini. Kwa ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi hizo, mauzo yasiyo na idhini ni batili.

Pili, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, nawe omba ruhusa ya kaunti. Chini ya sheria ya mwaka 2019, anayejenga bila ruhusa aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili.

Tatu, uliza kiwango cha kodi cha mwaka huo katika kaunti yako. Ukigeuza shamba kuwa kiwanja, usishangae kodi ikipanda.

Nne, usiuze shamba lote. Bakiza mahali pa ng'ombe na mboga. Fedha za viwanja huisha, bali watoto huendelea kula.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usipoacha njia leo, kesho utabomoa ukuta.