Mtoto Anaposahau Alichohifadhi, Usikimbilie Fimbo

Mtoto jana alihifadhi sura vizuri, leo mbele ya ustadhi aya ya tatu imempotea. Huitwa mvivu, na pengine huchapwa. Je, kweli ni uvivu?

Jambo jipya hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtoto akipewa aya kumi kwa mkupuo huchanganyikiwa, lakini mbilimbili huzishika.

Hata akizishika, hazijadumu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kuwa mtu husahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo kusahau cha jana ni maumbile. Tufanyeje basi?

Kwanza, msikilize mtoto bila msahafu au daftari. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani walitoa utafiti juu ya wanafunzi waliosoma habari fupi. Waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja. Waliosoma kidogo, kisha wakajaribu kuikumbuka mara tatu bila kutazama, walikumbuka asilimia 61. Kule kujitahidi kukumbuka ndiko kunakoimarisha kumbukumbu.

Pili, gawa muda wa kudurusu: dakika kumi leo, kumi kesho, kumi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hilo linashinda saa nzima ya usiku mmoja. Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachia huenda zao.

Tatu, alale mapema. Usingizini ubongo huendelea kuyaimarisha yale ya mchana. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Anayekesha kwenye televisheni, kisha akaamshwa alfajiri, anakwenda chuoni na ubongo uliochoka.

Nne, mwondolee hofu. Hofu kali huzuia ubongo kutoa hata kile kilichomo ndani yake. Mtoto anayeitazama fimbo huweza kukosa aya aliyoisoma vizuri mbele ya mama yake. Tukimchapa, tunaongeza kile kile kinachomsahaulisha.

Ikiwa mtoto anapata taabu kuliko wenzake, mpelekeni kituo cha afya apimwe macho, masikio na damu. Asiyeona ubao au mwenye upungufu wa damu hatibiwi kwa viboko.

Ndugu mzazi, anza leo baada ya Magharibi: keti na mwanao dakika kumi, funga msahafu, umsikilize kwa upole. Inshaallah utaona tofauti.